Jua ni la bure, betri si ya bure: Hesabu ya mtambo mdogo wa kawi ya jua

KATIKA masoko mengi ya Ukambani yasiyo na stima, biashara hufikia kikomo mara tu giza linapoingia. Mwenye duka huwasha taa ya kandili kwa muda mfupi kisha hufunga, fundi wa cherehani hukunja kazi yake hadi kesho, na mwenye mahindi ya kusaga humsubiri mwenye kisiagi cha dizeli, iwapo dizeli imepatikana siku hiyo.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa katika soko la Kitonyoni, Kaunti ya Makueni, hadi mwaka wa 2012 ulipowashwa mtambo mdogo wa kawi ya jua wenye uwezo wa kilowati 13.5. Mtambo huo ulijengwa chini ya mradi ulioongozwa na kundi la watafiti la Profesa AbuBakr Bahaj wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, kwa ushirikiano na Wizara ya Kawi na shirika la serikali la kusambaza umeme mashinani, ambalo tangu 2019 linaitwa REREC.

Kilowati 13.5 si nguvu nyingi. Birika saba za umeme, kila moja ya kilowati 2, zikichomekwa kwa wakati mmoja zinaushinda mtambo kama huo. Mtambo wa Garissa, uliozinduliwa Desemba 2019 na ambao paneli zake zinazidi 206,000, unaushinda ule wa Kitonyoni takriban mara 4,000.

Hata hivyo, kulingana na watafiti hao, baada ya stima kufika bei ya ardhi sokoni humo ilipanda zaidi ya maradufu, majengo mapya yasiyopungua manane yakachipuka na mapato ya wafanyabiashara yakaongezeka. Kituo cha afya kilipata wodi ya kujifungulia, na akina mama wakaanza kujifungua usiku mahali penye mwangaza.

Kinachouvutia zaidi mradi huo kwa mtu wa biashara ni jinsi ulivyopangwa. Paneli hazikutawanywa juu ya mapaa ya watu bali ziliunganishwa kuwa paa moja kubwa lililoinuliwa kwa vyuma. Maji ya mvua yanayoteremka kwenye paa hilo hukusanywa na kuhifadhiwa, jambo ambalo katika eneo kame kama Makueni lina thamani yake. Nyaya zilivutwa hadi kwenye maduka, shule, kituo cha afya na makanisa yaliyo karibu. Kwa kuwa maboma mengi yametawanyika mashambani na kuyavutia nyaya kungemaliza pesa zote, wenyeji wa huko walipewa njia nyingine: taa ndogo za kuchajiwa sokoni na kupelekwa nyumbani jioni.

Usimamizi uliwekwa mikononi mwa ushirika wa wenyeji, ambao wanachama wake hununua hisa na kulipia stima wanayotumia. Mpango wa aina hiyo ulipelekwa baadaye katika vijiji vya Uganda na Cameroon.

Tangu wakati huo, vyama vya wakulima, shule, viwanda vidogo na hata watu binafsi wamekuwa wakijiuliza iwapo nao wanaweza kujenga mtambo wao. Wengi huanza kwa kuuliza bei ya paneli. Hapo ndipo hesabu huanza kwenda kombo, kwani paneli siku hizi ndiyo sehemu isiyosumbua sana mfuko.

Mwangaza unavyogeuka kuwa stima

Ili kuelewa ni kwa nini, ni vyema kujua kinachotendeka ndani ya mtambo wenyewe.

Paneli moja ni mkusanyiko wa vipande vyembamba vya silikoni, madini yanayotokana na mchanga. Kila kipande kina pande mbili. Upande mmoja umetiwa fosforasi kidogo na mwingine umetiwa boroni kidogo, na tofauti hiyo ndiyo siri ya kazi yote. Mwangaza wa jua unapogonga silikoni, hung'oa chembe ndogo mno zinazoitwa elektroni. Mahali pande hizo mbili zinapokutana huwa kama lango la ng'ombe la kupita upande mmoja tu: elektroni zikishavuka haziwezi kurudi kwa njia ile ile. Basi hulazimika kuzunguka kupitia kwenye waya, na kule kuzunguka kwake ndiko stima yenyewe.

Hakuna kinachozunguka, hakuna kinachochomwa na hakuna moshi. Mfaransa Edmond Becquerel aliona dalili za jambo hili mwaka wa 1839, lakini ilichukua hadi 1954 kwa wanasayansi wa maabara ya Bell, nchini Marekani, kuonyesha kipande cha silikoni kinachoweza kufanya kazi ya maana. Kipande hicho kiligeuza takriban asilimia 6 tu ya mwangaza kuwa stima. Paneli nzuri za leo hugeuza zaidi ya asilimia 20.

Kipande kimoja hutoa nusu volti hivi, nguvu isiyotosha hata kuwasha redio. Ndiyo maana vipande huunganishwa kimoja baada ya kingine, 36 katika paneli ndogo ya kuchajia betri ya volti 12, na 60, 72 au zaidi katika paneli kubwa. Kisha paneli zenyewe nazo huunganishwa kwa mistari.

Muungano huo una udhaifu ambao wengi huujua wakiwa wamechelewa. Vipande vilivyopangwa kwa mstari ni kama mpira wa kunyunyizia sukumawiki: ukiukanyaga mahali pamoja, maji hupungua kote. Tawi moja la mwembe likitupa kivuli chake kwenye kona ya paneli, linaweza kupunguza stima ya mstari mzima. Paneli za kisasa huwekewa vijia vya kuukwepa mkwamo huo, ila havimalizi hasara yote. Kwa hivyo, kabla ya kuchimba shimo la kwanza la nguzo, mwenye mradi anapaswa kusimama mahali hapo saa tatu asubuhi na tena saa kumi jioni, aone vivuli vinaangukia wapi. Miti hukua. Kivuli ambacho hakipo leo kinaweza kuwapo baada ya miaka mitano.

Stima inayotoka kwenye paneli huwa ni ya mkondo mnyofu, yaani inayokwenda upande mmoja kama ile ya betri. Kutoka hapo hupitia kwenye kidhibiti chaji, kifaa kinacholinda betri zisijazwe kupita kiasi. Kisha huingia kwenye inveta, ambayo huigeuza kuwa mkondo geu wa volti 240, stima ile ile inayotumiwa na vifaa vya nyumbani na mashine za kawaida.

Jua na joto ni mambo mawili

Watu wengi hudhani kwamba kadiri mahali panavyokuwa na joto ndivyo paneli zinavyozalisha zaidi. Sivyo. Paneli hutaka mwangaza, wala haipendi joto. Uwezo unaoandikwa nyuma ya paneli hupimwa ikiwa na joto la nyuzi 25, na kwa kila nyuzi moja inayozidi hapo, paneli nyingi za silikoni hupoteza takriban asilimia 0.4 ya nguvu zake. Saa saba mchana katika eneo lenye jua kali, paneli yenyewe inaweza kufikia nyuzi 55 au 60. Hapo imekwisha kupoteza zaidi ya asilimia 12 bila mwenyewe kujua. Ndiyo maana fundi mzuri huacha nafasi kati ya paneli na mabati ili hewa ipite.

Kenya imebahatika kwa kuwa ikweta inapita katikati yake. Maeneo mengi hupata kati ya uniti 4 na 6 za mwangaza kwa kila mita mraba kwa siku. Fundi akisema mahali fulani pana saa tano za jua, hana maana kwamba jua huchomoza saa nne na kutua saa tisa. Maana yake ni kuwa mwangaza wa siku nzima, ukijumlishwa, ni sawa na saa tano za jua kali la utosini.

Kwa kipimo hicho, mtambo wa kilowati 13.5 ungetoa uniti 67 hivi kwa siku. Lakini ukiondoa kinachopotea kwa joto, vumbi, nyaya, betri na inveta, ambacho kwa kawaida ni robo nzima au zaidi, zinazosalia kwa mteja ni kama uniti 50. Hizo ni za siku nzuri. Kati ya Juni na Agosti, mawingu ya msimu wa baridi hutanda Ukambani siku baada ya siku, na uniti hizo zinaweza kupungua sana. Mtambo uliopimwa kwa jua la Februari utaaibika mwezi wa Julai.

Gharama iko usiku

Sasa uniti 50 zimepatikana. Nyingi zake zimezalishwa kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, na wateja wengi wanaihitaji stima kuanzia saa moja usiku. Pengo hilo la saa chache ndilo linalohitaji betri, na betri ndizo zilizoua miradi mingi ya sola katika shule, zahanati na visima vya vijijini kote barani.

Chukua mfano wa betri moja ya risasi na asidi ya volti 12 na ampea 200 kwa saa, inayopatikana katika maduka mengi ya sola. Kwenye karatasi inahifadhi uniti 2.4. Lakini betri ya aina hiyo haitaki kukaushwa. Ukitaka ikae, unafaa kutumia nusu tu ya kilichomo, yaani uniti 1.2, kisha uijaze tena. Tuseme imenunuliwa kwa Sh30,000 na inatunzwa vizuri, ikafanya kazi usiku 1,200, ambayo ni miaka 3 na miezi kadhaa. Katika uhai wake wote itakuwa imetoa uniti 1,440. Gawanya bei yake kwa uniti hizo na utapata karibu Sh21 kwa kila uniti.

Hiyo ni gharama ya kuhifadhi tu. Haijagusa paneli, inveta, nguzo, nyaya, mlinzi wala mshahara wa fundi. Mteja wa kawaida wa Kenya Power hununua uniti nzima, ikiwa imefikishwa mlangoni, kwa bei isiyo mbali sana na hiyo.

Betri hiyo ikikaushwa kila usiku kwa sababu wateja wameongezeka kuliko ilivyokusudiwa, huenda isimalize miaka miwili. Ikifa baada ya usiku 700, bei yake inagawanywa kwa usiku mchache zaidi. Ni kama ng'ombe wa maziwa anayekamuliwa bila kulishwa.

Kuna betri za lithiamu, ambazo siku hizi zimeenea na bei yake imeshuka mno kuliko ilivyokuwa mwaka wa 2012. Zinaweza kutumiwa hadi asilimia 80 au 90 ya kilichomo bila kuharibika haraka, na zikitunzwa hukaa miaka kumi au zaidi. Bei ya kuanzia bado iko juu kuliko ya betri za risasi zenye ukubwa ule ule, lakini anayepiga hesabu ya miaka kumi badala ya mwaka mmoja aghalabu hujikuta akizichagua.

Kwa mtambo wa jamii, swali gumu ni nani atakayenunua betri za pili. Za kwanza mara nyingi huja na mfadhili. Tuchukulie mtambo una betri 24 za aina iliyotajwa. Kuzibadilisha kwa pamoja kutahitaji Sh720,000. Kwa kuwa zinatarajiwa kuishi miezi 40, ni lazima ushirika utenge Sh18,000 kila mwezi, tangu mwezi wa kwanza, na pesa hizo zisiguswe hata iwe ni harambee ya mazishi ya mwenyekiti. Ikiwa mtambo unauza uniti 1,200 kwa mwezi, Sh15 za kila uniti inayouzwa zinaelekea kwenye mfuko huo.

Wanachama hawapendi kusikia hivyo. Mtambo mpya haulali, betri zinajaa, na kikao cha mwaka kikifika huwa rahisi kuelewana kwamba bei ipunguzwe au faida igawanywe. Miaka mitatu baadaye taa zinaanza kuzimika saa tatu usiku, kisha saa mbili, kisha wateja wanaacha kulipa kwa kuwa hakuna cha kulipia.

Hifadhi kazi, si stima

Njia ya kuupunguza mzigo huo ipo, na mkulima yuko karibu nayo kuliko mtu mwingine yeyote. Ni kuzitumia uniti nyingi kadiri iwezekanavyo mchana, jua lingali linawaka, na kuhifadhi kile kilichotengenezwa badala ya kuhifadhi stima yenyewe.

Maji ni mfano mzuri. Kupandisha lita 10,000 hadi kwenye tangi lililo mita 30 juu ya kisima kunahitaji takriban uniti 2 kwa pampu ya kawaida. Pampu ikifanya kazi hiyo adhuhuri, hakuna betri inayohitajika. Usiku maji yanateremka yenyewe hadi bombani au kwenye mipira ya matone shambani. Tangi la plastiki linadumu miaka mingi kuliko betri yoyote ya risasi, na halijali likikaushwa kila siku.

Barafu nayo ni vivyo hivyo. Mtambo wa kupoza maziwa ukigandisha maji mchana, baridi hiyo itapokea maziwa ya jioni na kuyalinda hadi gari la ushirika lifike asubuhi. Majokofu ya chanjo ya aina hiyo, yasiyo na betri, tayari yanatumika katika vituo vya afya vya mashambani katika nchi nyingi. Unga pia ni hifadhi: mahindi yaliyosagwa saa sita mchana yanapikwa saa mbili usiku.

Hapa lakini kuna tahadhari. Kisiagi chenye mota ya kilowati 7.5, ambayo mafundi huiita mota ya nguvu za farasi kumi, kikifanya kazi kwa saa tatu kinameza uniti 22 na nusu, karibu nusu ya mapato ya siku ya mtambo wa kilowati 13.5. Isitoshe, mota hiyo inapoanza kuzunguka huvuta nguvu mara kadhaa ya kiwango chake cha kawaida, na inveta ndogo huzimika papo hapo, soko zima likabaki gizani. Kwa hivyo kisiagi kinahitaji kifaa cha kuianzisha mota polepole, na mwenyewe anahitaji kukubali kufanya kazi katikati ya mchana pekee. Mitambo mingine huuza stima kwa bei nafuu mchana na ghali usiku ili kuwavuta wateja wa aina hiyo. Ni mpango wa busara, mradi mita ziwe na uwezo wa kutofautisha saa.

Kuna biashara ambazo hazikubali mpango huo. Mashine ya kuangua vifaranga hutaka joto usiku na mchana kwa siku 21, na stima ikikatika saa chache tu usiku wa baridi, mayai mengi yanaweza kuharibika. Anayetaka kuangua kwa kawi ya jua anapaswa ajue kwamba zaidi ya nusu ya stima yake itatoka kwenye betri. Kinyozi hana shida: mashine yake hula wati chache, na wateja wake ni wa mchana. Mwenye kuchomelea vyuma yuko katikati. Kazi yake ni ya mchana, lakini mashine yake huvuta stima kwa vishindo.

Mashirika makubwa yaliliona jambo hili mapema. Mwaka wa 2014, Chuo Kikuu cha Strathmore jijini Nairobi kiliweka juu ya mapaa yake mtambo wa kilowati 600, wenye paneli 2,400, na baadaye kutia saini mkataba wa kuiuzia Kenya Power stima ya ziada. Mwaka huo huo, kampuni ya chai ya Williamson ilijenga mtambo wa megawati 1 katika shamba lake la Changoi, ambao mchana hupunguza stima na dizeli ambazo kiwanda kingenunua. Wote walikuwa na laini ya stima ya kuwategemeza jua likitua. Soko la mashambani halina mtu wa kulitegemeza.

Bei ya uniti

Suala linalozua ubishi mkubwa zaidi ni bei. Kampuni ya kibinafsi ikijenga mtambo katika kijiji cha watu wachache, gharama zote alizotajiwa msomaji hapo juu hugawanywa kwa wateja hao peke yao. Haishangazi basi kwamba uniti ya mitambo kama hiyo huuzwa mara mbili, tatu au hata zaidi ya bei ya kitaifa. Mkazi wa kijijini, ambaye mapato yake ni madogo, hujikuta akilipa zaidi ya tajiri wa Nairobi kwa uniti ile ile.

Serikali ya Kenya imechagua njia tofauti kwa mitambo inayojengwa chini ya mradi wa KOSAP, ulioidhinishwa mwaka wa 2017 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 150 na unaolenga kaunti 14 zilizoachwa nyuma. Huko mpango ni kwamba wateja walipe bei sawa na ya wateja wengine wa Kenya Power, na pengo lizibwe kwingine.

Mfano wa jirani unaonyesha ugumu wa jambo hili. Kwenye kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe katika Ziwa Victoria, mtambo wa jua ulianza kuuza stima mwaka wa 2016. Wavuvi, wenye visiagi na wenye maduka waliipokea, lakini bei yake ilikuwa mara nyingi zaidi ya ile ya Tanesco, na malalamiko yakawa mengi. Mwaka wa 2020 serikali ya Tanzania iliagiza kwamba wateja wa mitambo kama hiyo vijijini walipe Sh100 za nchi hiyo kwa uniti. Wateja walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Wawekezaji walibaki wakiuliza mapato ya kubadilishia betri yatatoka wapi. Pande zote mbili zilikuwa na hoja, na hakuna hesabu inayoweza kuziridhisha pamoja bila mtu wa tatu kutia mkono mfukoni.

Hofu nyingine ni laini ya taifa. Mpango wa kusambaza stima hadi maboma ya mwisho, ulioanzishwa mwaka wa 2015, ulishusha ada ya kuunganishiwa umeme kutoka Sh35,000 hadi Sh15,000. Nguzo zikifika sokoni, wateja wa mtambo mdogo hawana sababu ya kubaki. Chama kinachofikiria kujenga kinapaswa kuuliza kwanza katika ofisi za REREC na kaunti kuhusu mipango ya eneo lake, kabla hakijachangisha hata shilingi moja. Paneli na inveta hazipotei thamani nguzo zikifika, kwani zinaweza kuhamishiwa kwenye kisima au kiwanda cha kukausha maembe. Nyaya na nguzo ndizo zinazobaki kuwa hasara.

Sheria ya Kawi ya 2019 inamruhusu mtu kuzalisha stima ya matumizi yake mwenyewe, isiyozidi megawati 1, bila leseni ya uzalishaji. Kuuzia wengine ni jambo tofauti linalohitaji idhini ya mamlaka ya kudhibiti kawi, EPRA. Sheria hiyo pia inatambua mteja mwenye mtambo usiozidi megawati 1 anayerudisha stima ya ziada kwenye laini na kupunguziwa bili, na kanuni za mpango huo zilitolewa mwaka wa 2024. Kwa kiwanda cha maziwa au shamba la maua lililo kando ya laini, huenda hii ndiyo njia rahisi zaidi, kwa kuwa laini yenyewe hufanya sehemu ya kazi ya betri.

Mafundi wa sola nao hupewa leseni na EPRA kwa madaraja. Fundi wa daraja la kwanza anaruhusiwa mitambo midogo ya nyumbani, na wa madaraja ya juu ndio wanaofaa kukabidhiwa mtambo wa soko au wa shule. Kuomba kuiona leseni yenyewe, na kutembelea mtambo aliojenga miaka mitatu iliyopita badala ya ule wa mwezi uliopita, kunaokoa pesa nyingi. Mtambo wa mwezi uliopita hufanya kazi daima.

Baada ya hapo, kazi ya kila siku ni ndogo ila haina likizo. Kimo cha maji ndani ya betri za risasi kiangaliwe kila mwezi na yaongezwe maji yaliyosafishwa, wala si ya mtoni. Vifundo vya nyaya vikazwe. Uniti zilizozalishwa na zilizouzwa ziandikwe kila jioni kwenye daftari, hata kama mtambo una kompyuta yake, ili upungufu ugunduliwe kabla haujawa hasara. Paneli zielekezwe kaskazini kidogo kwa walio kusini mwa ikweta kama Makueni, zikiinamishwa nyuzi 10 hadi 15 ili mvua iteremke na vumbi. Msimu wa kiangazi ambapo hakuna mvua, ziwe zinaoshwa kwa maji na kitambaa laini asubuhi na mapema kabla hazijapata joto, kwani maji baridi yakimwagiwa kioo kilichochomwa na jua la saa saba yanaweza kukipasua. Mtambo wenye paa la kuvuna mvua, kama ule wa Kitonyoni, huwa na maji hayo papo hapo chini yake.